Bibi Aliyekalia Mbuzi

Juma lililopita, kwenye zahanati moja huku Malindi, mlango wa daktari ulikuwa wazi na sisi wa benchini tulisikia yote. Ndani alikuwamo bibi wa Marereni.

"Mwanangu, goti laniuma nikikalia mbuzi, na vidole havishiki nazi. Nyumbani wanakula wali mkavu."

Daktari, kijana wa bara, hakujua mbuzi ni kibao cha kukunia nazi.

"Bibi, bado unapanda mbuzi?"

"Kila siku, tangu niolewe."

"Na mbuzi anavumilia?"

"Meno yake yangali makali."

Akampa dawa ya goti. Bibi akamtandazia mezani vidole vilivyopinda. "Na hivi je?"

"Hivyo vitapona ukiacha kung'ang'ania pembe."

Basi goti limetibiwa. Mikono imerudi Marereni na kosa la kutesa mnyama.