Mkalimani wa Miaka Minne

Melania alikuwa amelea watoto watano wa kwake huko Kishapu kabla hajaja Tinde, mwaka 1974, kumlea wa sita asiye wake. Alidhani kazi hiyo anaijua. Baada ya mwezi mmoja nyumbani kwa Lalji, mwuza vitambaa, alikuwa akiongea peke yake jikoni.

Mtoto aliitwa Hansa, wa miaka mitatu. Lalji na mkewe Vasanti walishinda dukani, upande wa barabarani. Uani walibaki Hansa, Melania na Madhuben, mama yake Lalji, ambaye Kiswahili chake chote kilikuwa "haya" na "bado". Kila asubuhi Melania alimpa shikamoo, naye alijibu "haya". Melania akaona ni dharau.

Melania naye hakujua Kihindi hata neno moja. Hansa ndiye aliyejua vyote: Kihindi cha bibi yake, na Kisukuma alichokiokota akiwa mgongoni kwa Melania. Ungetegemea basi mtoto awasaidie. Wapi! Hansa aliamini kwamba analolijua yeye, kila mtu analijua. Ukimwita, alitikisa kichwa kukubali, naye yuko nyuma ya ukuta. Akililia "lile", ukamwuliza lipi, alizidi kulia kana kwamba unamtania. Na bibi akisema jambo, Melania akauliza kasema nini, Hansa alikunja uso.

"Si amesema?"

"Ndiyo, amesema nini?"

"Hivyo hivyo alivyosema."

Siku moja ya Machi, mwaka uliofuata, Melania akiwa anafua, Madhuben alianza kupiga kelele kutoka kitandani, alikolala siku hiyo kwa kuwa miguu ilikuwa imemvimba. Melania alikimbia. Bibi alionyesha juu. Melania akafunga dirisha. Bibi akapiga kelele zaidi. Melania akaleta blanketi.

"Hansa, bibi anataka nini?"

"Ameshasema mara tatu," Hansa alijibu, akiendelea kumvisha mwanasesere wake.

Mvua ikamwagika. Juu ya paa kulikuwa na mikate myembamba ya dengu, kazi ya siku mbili, Madhuben ameianika ikauke. Yote iligeuka uji. Bibi alijifunika uso kwa mtandio. Melania aliketi kizingitini, nguo zimemlowa, akasema kwa Kisukuma kwamba amechoka, kesho anarudi Kishapu.

Hansa alimweka mwanasesere chini.

"Mayu," alimwita, yaani mama kwa Kisukuma, "hukumsikia?"

"Sauti niliisikia. Maneno siyajui. Sikuzaliwa nayo kama wewe."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo, mwanangu."

Mtoto akaenda kitandani, akamwambia bibi yake kitu kwa Kihindi, na bibi akashusha mtandio.

Melania hakurudi Kishapu. Polepole, Hansa alianza kuleta maneno. "Bibi anauliza mjukuu wako wa Kishapu, yule aliyeumwa, amepona?" Melania alishangaa: kumbe mama yule alikuwa akiulizia habari zake muda wote ule, na kumbe yeye Melania ndiye aliyeonekana ana kiburi kwa kutomjibu. Kwa miezi mitatu nyumba ilitulia.

Halafu Hansa akaja jikoni. "Bibi amesema unipe sukari guru." Melania akampa. Kesho yake bibi alisema tena, na keshokutwa.

Jioni moja Lalji aliingia jikoni, anaona haya. "Mama Melania, sukari guru imekwisha. Mama anauliza."

"Aulize nini, na yeye ndiye anayeagiza mtoto apewe?"

Lalji alimwuliza mama yake, aliyekuwa amesimama mlangoni. Madhuben hakuwa ameagiza kitu. Wote watatu wakamgeukia Hansa, naye alikuwa akitazama dari.

"Baba Hansa, nimechoka," Melania alisema. "Mwaka mzima namweleza huyu mtoto kwamba mimi sijui yaliyomo kichwani mwake. Siku aliyoelewa, ndiyo siku aliyoanza kunidanganya."

Lalji akatafsiri. Madhuben alicheka mpaka akashika mbavu. Melania hakuwa amewahi kumwona akicheka. Alipopata pumzi, alisema maneno machache, na Lalji akayaleta: mama anaomba umfundishe lugha yako, naye akufundishe yake, maana mkalimani huyu si wa kuaminika.

Wakaanza na majina ya vyombo. Madhuben alikuwa mwepesi kuliko alivyoonekana. Hansa alikaa kati yao akiwasahihisha wote wawili kwa ukali, kisha akasusa, kwa kuwa hakuna aliyemwuliza tena.

Mwaka 1977, Hansa alipoanza darasa la kwanza, wazee hao wawili waliweza kugombana bila msaada wa mtu. Melania alimlalamikia jirani yake Esta kwamba afadhali zamani, kwa sababu sasa mama yule amejifunza kusema kwa Kisukuma safi kwamba chumvi imezidi, na husema kila siku.