Madaftari ya Korongo

Baba yangu alilima pamba karibu na Bariadi, na jioni aliandika habari za ndege: korongo wamefika lini, wanakula nini, wameondoka kuelekea wapi. Makala zake zilitoka katika gazeti la misheni, na mwanzoni mwa miaka ya hamsini watu walimheshimu kwa hilo.

Mwaka mmoja aliandika kwamba korongo hawajaja, kwa hiyo mvua ingechelewa. Gazeti lilisomwa kwa sauti nje ya kanisa. Mvua haikunyesha kabisa. Watu wakasema ameifunga yeye, la sivyo angejuaje? Majirani wakaacha kumwamkia. Wazee waliokuwa wanaswaga ng'ombe wa mahari yangu waliwageuza njiani wakarudi nao kwao.

Hasira yangu ilizidi ya wote. Niliyachukua madaftari yake nikayatia motoni chini ya chungu cha ugali, moja moja, yeye ameketi palepale ananitazama. Ugali aliula. Hakuandika tena mpaka tulipomzika.

Sasa wajukuu zangu wamesoma. Mmoja ameikuta makala ile maktabani, na wote wanamwita baba yangu mtaalamu, wanajivunia kuwa damu yake. Wameniletea picha yake kubwa niitundike ukutani. Kila wakija huniuliza, "Bibi, kwani madaftari yake yalikwenda wapi?"

Huwaambia yaliliwa na mchwa. Nao huwalaani sana hao mchwa, mbele yangu, nami naitikia.