Nilivyomfufua Mama Ngoie Aliye Hai

Mimi ni daktari wa moyo. Hapa Likasi, miaka hii ambayo mishahara imepotea na dawa tunazifuata hadi Lubumbashi, nasema bila haya: kazi yangu naijua. Mama Ngoie aliletwa kwangu miguu imevimba, hawezi kulala chali kwa kukosa pumzi. Nilimsikiliza moyo, nikamkataza chumvi, nikamtafutia vidonge vya kutoa maji mwilini. Mwisho nikamwambia, "Mama, moyo yako iko muzuri."

Jumapili iliyopita akanialika kwenye kanisa lao la maombi nisikie ushuhuda wake. Mimi ni Mkatoliki, mambo ya huko siyajui. Nilikaa mbele na suti yangu, nikisifiwa, kichwa kikivimba kuliko ile miguu. Mara mchungaji akamwekea mkono kwenye paji la uso, naye akaanguka chali, pu! Akina mama wawili wakamfunika kitenge.

Kwa macho yangu ya daktari, hiyo ilikuwa maiti, tena maiti yangu.

"Mupishe! Moyo imesimama!"

Nikaruka, nikapiga magoti, nikamkandamiza kifua kwa mikono miwili.

Mama Ngoie akafumbua macho, akanishika mikono. Maikrofoni ya mchungaji iko juu yetu, kanisa lote linasikia.

"Docteur, huku watu wanaangukaka hivi, ni Roho. Kitenge ni ya kufunika miguu tu. Si ni weye mwenyewe ulisema moyo yangu iko muzuri? Hauamini kazi yako?"