Maji ya Makaburini

Mume wangu alikuwa mtu wa milima. Alizaliwa upande wa Kericho, kwenye majani chai, na shuleni alikwenda kwa baiskeli ya baba yake, nzito kama jembe la ng'ombe, akiipandisha na kuiteremsha vilima vile kabla miguu yake haijafika vizuri kwenye pedali. Tulipohamia Doha, yeye akiwa mtu wa kompyuta katika mojawapo ya yale majengo marefu ya West Bay na mimi muuguzi, wenzetu walilalamikia joto. Yeye alilalamikia ubapa. "Nchi hii ukiangusha chungwa, utalikuta pale pale," alikuwa akisema.

Hata hivyo alinunua baiskeli ya mashindano, nyembamba, nyepesi hata mimi niliweza kuinyanyua kwa mkono mmoja. Kila Ijumaa alfajiri aliondoka na wenzake, akarudi nyumbani kwetu Al Wukair midomo imeganda chumvi. Nami alinifundisha, mtu mzima na akili zangu, kwenye mitaa ya nyuma ambako nyumba zilikuwa bado zinajengwa. Alikimbia nyuma yangu ameshika kiti, na mafundi juu ya jukwaa wakapiga makofi siku nilipokwenda peke yangu bila kujua ameachia.

Kisha nikashika mimba, baada ya kungoja sana. Tukaanza kuitana Mama na Baba kwa mzaha. "Baba, leta maji." "Mama, miguu juu." Zamani aliniita Sista, kama wagonjwa wa kwetu wanavyomwita muuguzi, na hilo jina likawekwa kando.

Mtoto wetu alizaliwa kimya. Nilijua kabla daktari hajasema neno, kwa sababu dada aliyekuwa akinipima aligeuza skrini upande wake taratibu, na mimi nimewahi kuigeuza hivyo mbele ya wanawake wengine. Alikuwa msichana. Alikuwa na kucha, na nywele nyingi zilizolala upande mmoja. Nilimvalisha mwenyewe. Tulimzika nje ya mji, kwenye mchanga wa rangi ya biskuti, pamoja na mchungaji na marafiki wachache wa kanisani, na upepo ulipeperusha sauti ya mchungaji hata sikusikia alichosoma.

Siku ile tuliporudi nyumbani mume wangu aliniita Sista. Nilielewa.

Baada ya hapo akawa mtu wa kuendesha. Haikuwa tena Ijumaa. Ilikuwa kila siku, kabla ya kazi na baada ya kazi, hata katika joto ambalo ndege hukaa chini ya magari. Akiingia ndani alioga, akala, akalala. Nikitaja mtoto, alisimama akaenda kupaka mafuta cheni. Sikumwona akilia hata mara moja.

Kulikuwa na Mfaransa mmoja ofisini kwake, mtu mzima wa mvi, naye mpenda baiskeli. Alikuja kututembelea na mkewe, wamebeba sufuria ya mchuzi. Akatuambia kwamba mama yake amefariki na kuacha nyumba katikati ya Ufaransa, kwenye vilima vya misitu, na nyumba iko tupu, na baiskeli mbili nzuri ziko ghalani. Twende tupumzike, alisema, tumpe tu habari ya hali ya paa. Akatuchorea njia kwenye karatasi, akitueleza mlima upi ni wa upole na upi ni mkorofi. "Mkiishiwa maji, tafuteni makaburi," akasema. "Kila kijiji kina makaburi, na kila makaburi yana bomba, watu wamwagilie maua yao." Mkewe akamtazama. Naye uso ukamwiva.

Tulikwenda mwisho wa kiangazi chao. Sikuwa nimejua kwamba nimekosa kijani kiasi kile. Barabara zilikuwa nyembamba, za gari moja, zikipinda ndani ya mialoni mikubwa na misonobari, na chini yake makangaga yaliyoanza kuiva rangi ya kutu. Palinuka uyoga na mbao mbichi. Magogo yalikuwa yamepangwa kando ya njia, na nje ya msitu kulikuwa na malisho yenye ng'ombe weupe kabisa waliotukazia macho kama wakwe. Halafu kilima. Halafu bonde lenye kijito na nyumba chache za mawe. Halafu kilima tena.

Mimi nilipanda polepole, kwa gia ya chini kabisa, nikihema kama injini ya kusagia posho. Mume wangu alitangulia, akafika juu, akageuka akanirudia, akapanda tena pamoja nami. Kwenye miteremko alipiga kelele za furaha kama mtoto wa shule. Ile sauti nilikuwa nimeisahau. Jioni ya kwanza, tukila mkate na jibini jikoni kwa yule bibi marehemu, alinishika goti chini ya meza, nikafikiri, labda.

Maji tuliishiwa siku ya pili, na tukafanya kama tulivyoambiwa. Yeye alibaki langoni ameshika baiskeli zote mbili. Mimi niliingia na chupa. Kulikuwa na ukuta mfupi, mawe ya makaburi yaliyoota ukungu, bomba pembeni, na makopo ya kumwagilia yamening'inizwa kwenye misumari. Nilijaza chupa, nikatazama, nikaona kwamba miongoni mwa makaburi makubwa yamo madogo. Yana jiwe kama mengine. Yana jina.

Toka siku hiyo nilisimama kila penye makaburi, chupa ikiwa tupu au imejaa. Nilitaka kuyasoma. Mume wangu hakuuliza, wala hakuingia. Alisimama langoni akikagua tairi ambazo hazikuwa na tatizo.

Mchana mmoja mvua nyepesi ilikuwa inaanza. Kijiji kilikuwa chini ya mlima mkorofi kuliko yote. Ndani nilimkuta bibi kizee mmoja mwenye viatu vya mpira, anapalilia maua kwenye kaburi dogo. Aliniona nimesimama. Alisema kitu kwa Kifaransa, nikatikisa kichwa kuonyesha sielewi. Basi akaonyesha lile jiwe, akaonyesha kifua chake, kisha akakunja mikono akaibembeleza. Lilikuwa jiwe la zamani sana. Mama huyu alikuwa akija pale karibu maisha yake yote. Nami, sijui kwa nini, niliweka chini chupa nikakunja mikono yangu vile vile. Alinitazama kitambo. Kisha akanipa kopo la maji, nikamwagilia maua yake, tukiwa tumesimama wawili mvuani.

Nilipotoka, baiskeli yangu ilikuwa imeegemezwa ukutani. Mume wangu hakuwepo.

Niliupanda ule mlima peke yangu. Mahali pengine niliendesha, pengine nilishuka nikasukuma. Maji yalitiririka barabarani yakija kwangu, na msitu ulikuwa na giza ingawa ni mchana. Sikuwa na hasira. Nilikuwa na hofu. Kwenye kona ya juu nilimkuta ameketi kwenye magogo, baiskeli imelala majanini, analia kwa sauti, mdomo wazi, kama watu wanavyolia kwetu msibani.

Nilikaa kando yake. Nilimwacha alie.

"Nimekuona," akasema baadaye. "Nimekuona ulivyokunja mikono. Nimeshindwa kusimama pale."

"Najua."

"Sista, mimi Doha siwezi tena. Nitarudi nifunge kazi, nichukue vitu, basi. Kila nikiona mchanga nauona ule. Twende nyumbani."

"Na yeye?"

"Yeye hayupo pale."

"Yuko. Mimi ndiye niliyemvalisha. Najua alipo."

"Ni mwili tu, Mama."

Aliniita Mama bila kujijua.

"Tukiondoka," nikasema, "nani ataenda kumwona? Duniani wa kumkumbuka ni mimi na wewe."

Alivua koti lake la mvua akanivika juu ya langu. Tulikaa hadi mvua ikapungua, na hakuna aliyemlaumu mwenziwe, kwa sababu kila mmoja alikuwa anasema kweli.

Siku zilizobaki tuliendesha kila siku. Nikisema hivi watu hawaniamini, lakini hazikupita siku nzuri kuliko zile katika ndoa yetu. Hakutangulia tena. Tulipanda sambamba, yeye akipunguza, mimi nikijikaza, na tulizungumza habari za mtoto. Alinieleza jina alilokuwa akilifikiria, ambalo sikuwa nikilijua. Alinieleza jinsi alivyobeba kile kisanduku kutoka garini na jinsi kilivyokuwa chepesi. Tulilia tukiwa juu ya baiskeli, na wakulima waliotupita kwa matrekta walitupungia mkono, nasi tukawapungia.

Tuliporudi Doha aliacha kazi. Nilimsaidia kukunja nguo. Uwanja wa ndege alinishika uso kwa mikono miwili akasema, "Nakungoja." Naamini alimaanisha.

Alingoja. Alipiga simu kila Jumapili baada ya ibada, akanieleza habari za mvua na za mama yake, na kila mara mwisho wa maongezi aliuliza, na mimi nikasema bado kidogo. Kisha akaacha kuuliza. Kisha siku moja akapiga siku isiyo Jumapili, na nilivyosikia pumzi zake nilijua kuna mwanamke. Akaniambia kwamba mwanamke huyo ana mimba.

"Nimetaka habari hii uisikie kwangu," akasema.

"Anapimwa vizuri? Anakwenda kliniki?"

"Anakwenda."

"Mwambie asiruke hata moja."

"Nitamwambia," akasema. Mimi nilikata simu nikamalizia zamu yangu, nikabadilisha dripu, nikamgeuza mgonjwa, nikajibu kengele.

Mtoto wao ni mvulana, na mzima. Nilimtumia shali.

Bado ninaishi Al Wukair, chumba kidogo zaidi, na muuguzi mwenzangu wa Uganda. Huwaona wageni wenzangu wakiondoka, mmoja mmoja, kwa sababu hapa hakuna kati yetu anayekaa milele. Kibali kinafuata kazi, na kazi ina mwisho wake. Juzi msimamizi wangu aliniuliza kama nitaongeza mkataba. Nikasema ndiyo kabla hajamaliza swali. Akacheka, akasema hajapata kuona mtu anayeipenda Doha kama mimi.