Siku Wachuka Aliposugua Vibuyu

Ruring'u nzima ilikunywa maziwa lala ya Wachuka na hakuna aliyewahi kuumwa na tumbo. Siri ilikuwa moshi. Kabla ya kutia maziwa, aliweka makaa ya mutamaiyu, ule mzeituni wa msituni, ndani ya kibuyu, akakitikisa huku akikohoa na kuulaani mti wenyewe. Ukali wa moshi ule uliingia kwenye ganda, ukaua vijidudu vya kuozesha, na maziwa yakaganda kwa adabu. Chembe nyeusi zilibaki zikielea. Ukilalamika, Wachuka alikuambia ukanunue ng'ombe wako.

Basi mwanamke huyu, asiyeogopa chifu wala padri, alimwogopa mama mkwe wa mwanawe kabla hata hajamwona. Ilikuwa miaka michache baada ya uhuru. Ngatia alikuwa amemchumbia Murugi wa Kerugoya, na mama wa msichana, Kabura, akatuma neno kwamba anakuja kuona itara. Itara ni dari ya fito juu ya meko, mahali pa kukaushia kuni. Anayekuja kuiona anapima kama binti yake atapata moto na chakula katika nyumba hiyo. Asiporidhika, hakuna harusi.

Wachuka akapotewa na akili. Alitupa kuni zote nje, akafuta masizi, kisha, Mungu amsamehe maana mimi sijaweza, akasugua vibuyu kwa sabuni na mchanga mpaka vikang'aa.

"Hawa watu wa Kerugoya wasiseme ati sisi ni wachafu," aliniambia.

Mimi jirani yake nilimwonya. Akaniuliza kama ni mimi niliyemzaa Ngatia.

Siku ya wageni maziwa yalimiminwa, meupe pe, bila chembe hata moja. Kabura alipiga funda, akakimbilia mlangoni, akayatema kwenye maua. Wenzake walinusa vikombe wakaviweka chini. Ngatia alitazama viatu vyake vipya.

Kabura akarudi ndani, akainua macho juu ya meko.

"Mama Ngatia, hii kibuyu umeosha na nini?"

"Sabuni."

"Na kuni ziko wapi?"

"Nimetupa. Zilikuwa na masizi." Wachuka alikuwa analia waziwazi, na mimi nilimwonea huruma, mjinga yule.

Kabura akachukua kikapu chake. "Msichana niko naye, na nitawapa. Lakini hii nyumba hakuna mtu anaishi. Chafueni kwanza, halafu mniite."