Unga Ulipoanguka

Nilipokuwa mtoto, tulijua pa kumwitia Mungu. Palikuwa na mti wa msolo nje ya kijiji chetu, upande wa Nachingwea. Mvua ikichelewa, wazee walikwenda pale na unga wa mtama, wakaumimina taratibu kwa mkono chini ya shina mpaka ukasimama na ncha kama kichuguu kidogo. Ukafunikwa kwa chungu, watu wakarudi nyumbani bila kugeuka nyuma. Asubuhi chungu kikifunuliwa, ncha ikiwa imesimama, dua imepokewa. Ikiwa imeanguka, imekataliwa, kuna neno.

Tulikuwa Waislamu, msinitolee macho. Ramadhani tulifunga, na Bibi yangu mzaa mama alifunga kuliko wote. Siku moja nilimwuliza kama Mungu anakaa ndani ya ule mti.

"Akae mtini, kwani yeye ni ngedere?" akasema. "Pale ndipo tulipozoea kumwita. Wewe ukimtaka mama yako si unakwenda mlangoni?"

Kisha wakaja Wazungu na matingatinga, wakisafisha pori walime karanga. Msolo ulifungwa mnyororo ukang'olewa na mizizi yake yote, likabaki shimo. Bibi akatazama, akasema, "Mvua itatupita hii." Vijana wakamcheka.

Ikatupita kweli. Mtama ulichomoza, ukanyauka. Tukawa tunachimba ming'oko, vile viazi vya porini, na mama yangu ana kitoto kichanga cha kiume na titi limekauka. Mdogo wangu yule alilia mpaka sauti ikamwisha. Wazee nao walikaa kimya. Mti haupo, waende wapi? Mimi kilichoniogopesha zaidi ya njaa ni kule kunyamaza kwao, kana kwamba mwenye nyumba kahama.

Jioni moja Bibi akaingia jikoni, akachota unga.

"Mama, huo ndio uji wa mtoto," mama akalia.

"Ndiyo maana naupeleka. Nimpelekee makapi?"

Nikamfuata. Njiani tukakutana na mwalimu wetu wa Kurani, ambaye Bibi ndiye aliyemlea. Akasema kwa adabu, "Bibi, hata mti wenyewe haupo tena."

"Mti haupo. Na Mungu naye kang'olewa na mnyororo? Makamasi nimekufuta mimi, leo unanifundisha!"

Tulipofika, Bibi akaumimina unga ukingoni mwa shimo, akaufunika kwa chungu.

Asubuhi kijiji kizima kilikuwa pale. Chungu kikafunuliwa. Unga umeanguka, umelala chini kama mgonjwa. Desturi ni kuondoka, na mama alikwisha geuka na mtoto mgongoni, machozi yanamtoka.

Bibi akaketi. Chini, kwenye udongo, miguu kaining'iniza shimoni.

"Mola wetu," akasema, kama anaongea na mtu wa jirani, "umekataa. Sawa, hata mimi nikikasirika chakula sili. Lakini anayekataa yupo. Mimi nilidhani umehama. Basi siondoki."

Kisha akanigeukia. "Mke mwenzangu, kaa hapa." Hivyo ndivyo alivyoniita, kwa utani kwamba nami ni mke wa babu. Nikakaa. Mwalimu akasimama kidogo, akavua viatu, akakaa naye, akainua mikono kuomba. Mama akarudi. Tukakaa wote mpaka jua likatuchoma utosi, na sijawahi kujisikia karibu na mtu yeyote kama nilivyojisikia karibu na yule tusiyemwona.

Bibi alipoinuka alikusanya ule unga kwenye kanga, akaupuliza mchanga. Watu wakashtuka, unga wa sadaka hauguswi.

"Yeye hakuutaka," akasema. "Mwenye njaa huyu hapa."

Mdogo wangu akanywa uji wa mchanga. Mvua haikuja siku ile wala kesho yake, nisiwadanganye. Ilikuja imechelewa, haba, ikatutolea mboga na maziwa ya mama. Yule mtoto leo ana mvi, na meno yake yakimuuma husingizia uji wa Bibi.

Sasa naishi Malolo. Msikiti una vipaza sauti, adhana inafika hadi mashambani, na bado wajukuu wangu wananiuliza Mungu yuko wapi, mbona pakavu hivi. Siwajibu kwa maneno makubwa. Darasa langu lilikuwa dogo, ukingoni mwa shimo lile. Nimezika mume, nimezika watoto, na dua zangu nyingi nimezifunua asubuhi nikazikuta zimelala. Nimelia, nimemgombeza Mungu, lakini sijaondoka. Alhamdulillahi, aliyenilea alinionyesha namna ya kuketi. Na mjukuu akizidi kuuliza, nampigia udongo kwa kiganja hapa kando yangu: kaa.