Kalekye Hakuwa Mfanyabiashara

Sitaki kuamini, na mtu asiniharakishe. Jumatatu Kalekye alikuwa anakohoa na kucheka. Alhamisi nikapigiwa simu kutoka hospitali, ameenda. Homa ya mapafu. Mtu aliyemaliza raundi kumi pua ikiwa imevunjika, siku tatu tu!

Nyinyi mnaonifuata hapa kwa sababu ya nywele, mimi ni Ndinda wa saluni, Tawa. Lakini kila Kalekye alipopanda ulingoni, mimi ndiye nilimfunga bendeji mikononi.

Tulianzia posho mill, mlango wa pili kutoka saluni yangu. Alikuwa anabeba magunia ya mahindi. Siku moja mteja akamshika kiuno. Ngumi moja tu, jamaa akakaa kwenye unga. Nikamwambia, "Wewe, hiyo mkono isipotee bure."

Gym hatukuwa nayo. Tulijaza gunia maranda, tukalitundika kwenye boriti pale pale. Kufunga bendeji nilijifunzia kwa simu. Vidole vya msusi vinaelewa haraka.

Halafu ile weigh-in ya mkanda wa taifa, wueh! Tulilala Malili kwa binamu yangu. Mamake Kalekye, ambaye hakupenda ngumi hata kidogo, akatuma muthokoi kutoka Matinyani, yale mahindi ya kukobolewa na maharagwe, sufuria nzima. Kalekye akasema, "Mwaitu amenipikia, nikatae?" Tukala mpaka tukakwaruza.

Asubuhi mizani ikakataa. Nusu kilo imezidi! Alikimbia kando ya highway amevaa sweta zangu mbili na jaketi la mvua, mimi nyuma kwa boda nikimtukana. Uzani ukakubali. Kesho yake akamwangusha mwenzake raundi ya saba. Alipoulizwa siri ni nini akasema, "Ni muthokoi."

Sasa, jana kamati ya mazishi imetuma programu kwa group. Nimeisoma mara tatu. "Marehemu alikuwa mfanyabiashara na mwimbaji wa kwaya." Ngumi hakuna. Mkanda hakuna. Picha ni ya harusi ya wenyewe, amevaa rinda la kuazima.

Nikauliza. Mjomba wake, mwenyekiti, akajibu: "Ndinda, hii ni mazishi ya Kikristo. Hiyo maneno ya kupigana tuache. Ni aibu kwa mwanamke."

Aibu? Mjomba, kwa heshima zote: mkanda ulipofika Matinyani, wewe ndiye uliuvaa ukapigwa picha. Ninayo. Usinifanye niipost.

Kalekye aliomba kabla ya kila pambano. Mungu aliyempa sauti ya kwaya ndiye alimpa ule mkono wa kushoto. Mimi sioni shida iko wapi.

Wakanitoa kwa group. Nililia, nasema ukweli. Nilifikiri watamzika akiwa mtu ambaye mimi simjui.

Leo asubuhi mamake akanipigia.

"Ndinda, ile muthokoi yangu, ni kweli ilikuwa karibu kumtoa?"

"Karibu sana, Mwaitu."

Akacheka. Kisha akalia. "Mimi sijawahi enda kumwona akipigana. Niliogopa. Kesho kuja mochari mapema, kabla wafunge sanduku. Kuja na hizo bendeji zako. Mkanda niko nao mimi, na nitauweka mwenyewe. Wacha huyo ndugu yangu aniulize!"

Kwa hivyo, kamati, programu yenu mnaweza kusoma. Mimi saa moja asubuhi nitakuwa kazini.

Kalekye, nitaanza na mkono wa kushoto, vile ulitaka kila mara. Nitakaza mpaka uniambie "imetosha", na najua hutaniambia, ndiyo inaniuma.

Hukuwa mfanyabiashara, dada yangu. Hata sukuma wiki hujawahi kuuza. Ulikuwa bondia, ulikuwa champion, na utaingia huko mbele ukiwa hivyo.

Lala salama. Bendeji usifungue.